Kununua mtoto wa spanieli Uingereza: mkague mama kwanza, mtoto aje mwisho

"Dada, nimeshalipa kishika uchumba. Sasa nifanyeje?"

Ujumbe huu naupokea mara kwa mara, na kila mara unakuja na picha: mtoto wa Cocker, mbwa wa jamii ya spanieli, rangi ya dhahabu, kakalishwa kwenye kikapu, masikio yamemzidi kichwa. Nikiuliza kama mama yake ameonekana, jibu ni hapana. Vipimo? "Muuzaji anasema kapimwa na daktari." Chipu, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi? Kimya.

Sishangai. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mtoto wa mbwa hanunuliwi. Jirani anakuletea ndani ya boksi la sabuni, mnampa jina la Simba, analala uani na kubwekea wapita njia. Hakuna aliyetufundisha kununua mbwa. Mimi mwenyewe wa kwanza nilikabidhiwa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta kando ya barabara kuu, na mtu ambaye tangu siku ile simu yake haikupatikana tena. Siku ya tano mtoto akaanza kuharisha damu. Parvo, virusi vinavyoshambulia utumbo. Wiki haikuisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Uingereza, hasa England, anayetaka spanieli kutoka kwa mzalishaji, yaani mfugaji anayepandisha mbwa wake kwa mpango na kuwajibika kwa watoto wanaozaliwa. Kosa ninaloliona kila mara ni la mpangilio. Watu huanza na mtoto, wakishampenda ndipo wanatafuta sababu za kumwamini muuzaji. Hapa tunakwenda kinyume: aina, vipimo, mzalishaji, mama, makaratasi, na mtoto mwisho kabisa.

## Andaa hivi kabla ya simu ya kwanza

- Ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kama umepanga. Mzalishaji makini ataiomba.
- Ratiba ya wiki yako ya kweli: zamu za kazini, nani yuko nyumbani saa ngapi, nani atamtoa mbwa asubuhi yenye barafu.
- Jina la kliniki ya mifugo ya karibu inayopokea wateja wapya. Si zote zinapokea.
- Makadirio ya bima kwa aina unayoitaka. Yaombe sasa, bei yake ikikushtua, afadhali ikushtue kabla mbwa hajafika.
- Fedha za kununulia, na fedha nyingine kando za miezi mitatu ya mwanzo: daktari, chakula, kizimba, mafunzo.
- Daftari. Kila simu iandike: tarehe, jina, majibu.
- Subira ya miezi kadhaa. Wazalishaji wazuri huwa na orodha ya wanaosubiri, na mara nyingi watoto huwa na wenyewe kabla hawajazaliwa.

## Hatua ya 1: Amua ni spanieli yupi

Spanieli si mbwa mmoja. Uingereza utakutana hasa na watatu: Cocker, Springer na Cavalier King Charles. Masikio yanafanana, maisha hayafanani.

Cocker ana uzito wa kilo 13 hadi 15 hivi, na ndani yake kuna nasaba mbili ambazo wauzaji wengi hawakutajii. Wa maonyesho ana kichwa cha mviringo, masikio marefu na manyoya mengi yanayodai kitana karibu kila siku. Wa kazi ni mwembamba zaidi, masikio mafupi kidogo, na damu yake ni ya kukurupusha ndege vichakani kutwa nzima. Kama unaishi ghorofa ya nne na unafanya zamu za saa kumi na mbili hospitalini au kwenye nyumba ya wazee, Cocker wa kazi atakula sofa, kisha zulia, kisha mlango. Hilo si kosa lake.

Springer ni mkubwa zaidi, kilo 20 na ushee, na anahitaji kama saa mbili za kutembea na kukimbia kila siku. Asiyependa mvua wala tope asimguse.

Cavalier ni mdogo, kilo tano hadi nane, mpole, anatosha kwenye fleti na anawapenda hata wezi. Lakini ndiye mwenye mzigo mzito zaidi wa magonjwa ya kurithi, moyo ukiwa wa kwanza. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba uzalishaji wa Cavalier kama ulivyokuwa ukifanyika nchini humo unakiuka sheria ya ustawi wa wanyama. Sisemi usimchukue. Nasema ukimtaka, hatua ya pili uisome mara mbili.

Umefaulu ukiweza kusema sentensi kama hii: "Natafuta Cocker wa maonyesho, jike, rangi yoyote, hata kama ni mwakani."

"Rangi yoyote" nimeiweka makusudi. Tangazo linaloanza na "rangi adimu" linakuuzia rangi. Onyo la pekee ni la mabakamabaka yaitwayo merle: si rangi ya asili ya Cocker wa Kiingereza, na mtoto anayerithi jeni yake kwa wazazi wote wawili anaweza kuzaliwa kiziwi au kipofu.

## Hatua ya 2: Jua vipimo kabla hujamjua muuzaji

Maneno "kapimwa na daktari" yamewaponza wengi. Ni kweli daktari kamsikiliza mtoto moyo, kamwangalia macho na kumchoma chanjo. Ila magonjwa ya kurithi ya spanieli kwa kawaida hayaonekani kwa mtoto wa wiki nane. Hupimwa kwa wazazi, kabla hawajapandishwa.

### Cocker

Uliza DNA ya vitu vitatu.

prcd-PRA: retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufa taratibu mpaka mbwa anakuwa kipofu, kwa kawaida akiwa ameshakuwa mkubwa na familia imeshamzoea.

FN: figo zinaharibika mbwa akiwa bado kijana, na wengi hawafiki mbali baada ya mwaka wa pili.

AMS: mbwa hasikii maumivu kwenye miguu, anaanza kujitafuna vidole hadi kuvikata.

Magonjwa haya matatu yana tabia moja. Kila jeni huja kwa jozi, nakala moja ya mama na moja ya baba, na ili mbwa augue lazima nakala zote mbili ziwe mbovu. Mwenye moja mbovu ni mbebaji: yeye mzima, ila anaweza kuirithisha. Kwenye cheti utakuta neno Clear kwa aliye safi, Carrier kwa mbebaji na Affected kwa mwenye nakala mbili mbovu. Sasa piga hesabu:

- Safi kwa safi: watoto wote safi.
- Safi kwa mbebaji: hakuna atakayeugua, ila kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji.
- Mbebaji kwa mbebaji: kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Shukuru, uondoke.

Kwa hiyo usimkimbie mzalishaji kwa sababu jike lake ni mbebaji. Muulize dume ni nani. Anayejibu bila kusita, "Jike langu ni mbebaji wa FN, ndiyo maana nilimtafutia dume safi," huyo anajua kazi yake. Mimi namwamini kuliko anayesema mbwa wake "hawana tatizo lolote".

Wengine watakuambia mbwa ni safi kwa kurithi, maana yake wazazi wake wote walipimwa wakawa safi, hivyo yeye hakupimwa. Ni hoja halali. Omba vyeti vya hao wazazi.

Kando ya DNA kuna uchunguzi wa macho chini ya mpango wa BVA, chama cha madaktari wa mifugo Uingereza. Ndani yake kuna gonioskopi, yaani kuangalia pembe inayotolea maji ya jicho, kwa ajili ya glakoma, yaani presha ya jicho. Tazama tarehe: uchunguzi wa macho wa miaka minne iliyopita haukuambii habari ya leo. Nyonga nazo hupewa alama, kuanzia 0 hadi 106 kwa jumla ya pande mbili, na kadiri alama inavyokuwa chini ndivyo bora.

### Springer

DNA ya fucosidosis, inayoharibu ubongo na haina tiba. PFK, inayogusa damu na misuli. PRA na AMS. Macho pamoja na gonioskopi, na nyonga. Hesabu ya wabebaji ni ileile.

### Cavalier

DNA ipo kwa kuanguka kwa vipindi na kwa ugonjwa wa jicho kavu na manyoya ya kujikunja. Lakini mambo mawili makubwa hayapimwi kwa DNA. La kwanza ni ugonjwa wa vali ya moyo. Kanuni ya siku nyingi ya wazalishaji makini ni kutompandisha Cavalier kabla ya kufika miaka miwili na nusu, na wazazi wake wawe na moyo usio na mnong'ono, ile sauti ya ziada daktari anayoisikia, wakiwa na miaka mitano. La pili ni fuvu kuwa dogo kuliko ubongo na maji kujikusanya kwenye uti wa mgongo, ambalo linahitaji picha ya MRI.

Kwa hiyo kwa Cavalier usiulize tu "mama ana afya?" Uliza, "Bibi na babu wa mtoto huyu wana umri gani, na mioyo yao ikoje?" Mama wa mwaka mmoja na nusu hakujibu swali hilo hata awe mrembo namna gani.

### Hakikisha mwenyewe

Usiridhike na picha ya cheti kwenye WhatsApp. Omba majina kamili ya usajili ya mama na baba, yale marefu yenye maneno matatu manne, kisha uyaandike kwenye sehemu ya matokeo ya vipimo katika tovuti ya Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo Uingereza. Ni bure. Hapohapo utaona kiwango cha undugu wa damu: asilimia 12.5 ni sawa na kupandisha ndugu wa mzazi mmoja, na 25 ni sawa na ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Linganisha na wastani wa aina hiyo.

Onyo: mtoto kusajiliwa na Kennel Club maana yake ukoo wake unajulikana. Hakusemi kwamba wazazi wamepimwa. Hapa ndipo watu waangalifu wanapokwama, kwa sababu cheti cha usajili kinapendeza na kina mhuri.

## Hatua ya 3: Tafuta mzalishaji, wala si tangazo

Anzia kwenye klabu za aina. Kila spanieli ana zake, na huwa kuna mtu wa kujibu maswali kuhusu watoto waliopo na wanaotarajiwa. Kisha orodha ya watoto ya Kennel Club. Kama unaweza, nenda kwenye maonyesho au mashindano ya mbwa wa kazi, uwaone wakubwa na uzungumze na wenyewe. Usiende wakati wanajiandaa kuingia uwanjani. Hapo hata salamu hawaitikii.

Sheria mbili zishike kichwani.

Tangu tarehe 6 Aprili 2020, England imepiga marufuku madalali wa kibiashara kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Unanunua kwa mzalishaji mwenyewe, mahali mtoto alipozaliwa, au unamchukua kituo cha kuwaokoa wanyama. Sheria inaitwa Lucy's Law, kwa jina la Cavalier aliyetolewa kwenye shamba la mbwa huko Wales akiwa amezalishwa mpaka mwili umeharibika. Wales na Scotland zilifuata 2021.

Ya pili ni leseni. England, anayezalisha na kuuza mizao mitatu au zaidi ndani ya miezi kumi na miwili, au anayefanya biashara ya watoto wa mbwa, lazima awe na leseni ya halmashauri, na namba yake ionekane kwenye tangazo. Mtu mwenye jike moja lililozaa mara moja huenda haihitaji. Kwa hiyo kukosa leseni peke yake si ushahidi wa utapeli. Mwenye aina nne za mbwa kwenye matangazo na hana namba, huyo ni jambo lingine.

Itafute namba ya simu ya muuzaji kwenye intaneti. Ikitokea kwenye matangazo ya Cocker, paka na simu za mkononi, funga ukurasa.

Na ukiambiwa mtoto wa wiki nane "ametoka nje ya nchi", tumia hesabu: chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia wiki 12, kisha husubiriwa siku 21. Hakuna mtoto aliyeingia kihalali akiwa chini ya wiki 15. Ama umri ni wa uongo, ama safari ni ya uongo, ama kavushwa kimagendo.

## Hatua ya 4: Simu ya kwanza

Piga simu. Ujumbe wa maandishi humpa mtu muda wa kutunga. Lafudhi isikutie hofu; mzalishaji mwema humhoji kila mtu, hata jirani yake.

Jitambulishe, eleza maisha yako kwa dakika mbili, kisha uulize:

1. Mama ana umri gani, na huu ni uzao wake wa ngapi? Mwenye umri wa mwaka mmoja ni mtoto bado. Na Kennel Club kwa kawaida haisajili zaidi ya mizao minne kwa jike mmoja.
2. Kwa nini ulimchagua dume huyu? Jibu zuri linataja tabia, vipimo na ukoo. Jibu baya: "Ni wa rafiki yangu, yuko karibu."
3. Watoto wanalelewa wapi? Unatafuta ndani ya nyumba, karibu na kelele za jikoni na fyagio la umeme. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili au zaidi kidogo, mtoto anajifunza dunia ni nini. Aliyelelewa bandani gizani huogopa kila kitu baadaye, na woga huo ni kazi kubwa kuutoa.
4. Wataondoka wakiwa na umri gani? Si chini ya wiki nane.
5. Nikishindwa kumtunza baada ya miaka miwili, itakuwaje? Unataka kusikia: "Unamrudisha kwangu."

Umefaulu ukiona umeulizwa maswali mengi kuliko uliyouliza. Atakuhoji kuhusu kazi yako, watoto wako, uzio wa bustani. Wenzetu wengi hukasirika wakidhani wanabaguliwa. Wapo wabaguzi, sikatai, lakini maswali haya siyo dalili yao. Wa kumwogopa ni yule anayeuliza tu utalipa lini.

## Hatua ya 5: Ziara, na macho yako yawe kwa mama

Nenda watoto wakiwa na wiki nne hadi sita. Usitembelee nyumba mbili siku moja: virusi vya parvo husafiri kwenye soli za viatu. Na wanao waache nyumbani ziara ya kwanza. Mtoto wa miaka sita akishalia kwamba anamtaka yule mweupe, umeshanunua.

Ukifika, omba kumwona mama kabla ya kuinama kwa watoto. Mambo haya ndiyo ya kutazama.

Je, ni mama kweli? Aliyenyonyesha ana chuchu zilizovimba na kuning'inia, manyoya ya tumboni yamepungua, na pengine amekonda kidogo. Watoto wanamkimbilia wanyonye, naye anawavumilia au anawakoromea kidogo kwa kuchoka. Wapo wanaokodisha "mama" wa kuonyesha wateja: jike msafi, tumbo limebana, watoto hawamshughulikii. Omba asomwe chipu, ulinganishe namba na karatasi.

Tabia yake. Anaweza kukubwekea mwanzoni, ana watoto. Baada ya dakika kumi anapaswa kukukaribia. Anayejificha nyuma ya kochi muda wote au anayeng'aka bila kukoma, tabia yake sehemu imo kwenye damu ya watoto na sehemu wanaiiga sasa hivi. Hili nalipa uzito kuliko rangi, kuliko vikombe vya maonyesho, kuliko karibu kila kitu isipokuwa vipimo.

Harufu. Watoto wananyea, hilo halikwepeki. Lakini tofauti kati ya ajali ya asubuhi hii na mkojo wa wiki nzima pua inaijua.

Baba mara nyingi hayupo, na si kasoro. Mzalishaji makini husafiri mbali kumfuata dume anayemfaa jike wake. Unachohitaji ni jina lake na vipimo.

Ondoka ukiambiwa mama kaenda matembezini, yuko kwa daktari, analala, ni mkali leo. Ondoka ukiambiwa mkutane katikati ya safari "ili kukupunguzia nauli". Ondoka ukizuiwa kuona wanapolala. Na tafadhali usinunue mtoto mgonjwa kwa huruma. Fedha yako ndiyo inayompa mama yule mimba nyingine. Mpigie RSPCA, shirika la kutetea wanyama, au halmashauri, uwaeleze ulichokiona.

## Hatua ya 6: Makaratasi na malipo

Kishika uchumba kinalipwa sasa, baada ya ziara. Lipa kwa njia inayoacha alama benki, upewe risiti yenye jina, anwani, kiasi, na masharti ya kurudishiwa.

Omba mtumie Puppy Contract, mkataba ulioandaliwa na AWF, mfuko wa ustawi wa wanyama wa madaktari wa mifugo, pamoja na RSPCA, unaopatikana bure. Mzalishaji anajaza taarifa za vipimo, chanjo, minyoo na malezi, nanyi wawili mnatia sahihi. Wengine wana mkataba wao, usome wote. Angalia hasa kama kuna zuio la kusajili watoto wa mbwa huyu baadaye. Ni zuio la kawaida na lina nia njema, ila lazima uambiwe na utie sahihi kwamba umeambiwa.

Siku ya kumchukua unatakiwa kuondoka na:

- cheti cha usajili na ukoo, au maelezo ya maandishi ya lini kitafika;
- nakala za vipimo vya wazazi wote wawili;
- namba ya chipu, tarakimu 15. Sheria inataka mtoto awe na chipu kabla ya kutimiza wiki nane, na mzalishaji awe mmiliki wa kwanza kwenye rejista. Ukikuta jina la kwanza si la anayekuuzia, umepata dalali;
- kadi ya chanjo yenye stika na sahihi ya kliniki, na tarehe za dawa ya minyoo;
- chakula cha siku chache na ratiba ya kulisha.

Kama mkia umekatwa, kuna karatasi moja zaidi. England inaruhusu mkia wa spanieli kukatwa na daktari wa mifugo tu, ndani ya siku tano za kwanza, kwa mbwa anayetarajiwa kufanya kazi, na daktari hutoa cheti. Mkia mfupi bila cheti ni kesi, na wewe hutaki kuwa ndani yake.

## Hatua ya 7: Sasa mtoto

Hatua hii ni fupi kuliko ulivyotegemea. Kama mama yuko sawa, vipimo viko sawa na malezi yako sawa, karibu mtoto yeyote wa uzao huo atakufaa.

Mkague haraka: macho makavu na angavu, pua safi, masikio yasiyonuka, fizi za rangi ya waridi, matako yasiyo na kinyesi kilichoganda, tumbo lililojaa lakini lisilobana kama ngoma. Tumbo la ngoma na mbavu zilizotoka ni minyoo. Pitisha kidole kitovuni. Ukikuta uvimbe laini, muulize mzalishaji na uuandike kwa ajili ya daktari wako. Dume awe na kende mbili, au mzalishaji akwambie mapema kwamba moja haijashuka.

Kisha msikilize mzalishaji. Yeye kawaona kila siku kwa wiki nane, wewe umewaona saa moja. Yule "aliyenichagua mwenyewe" aliyekuja mbio kukutafuna kamba za viatu mara nyingi ni yule aliyeamka kabla ya wenzake. Mwambie maisha yako yakoje, akushauri. Wapo wanaokupangia mtoto bila kukupa nafasi ya kuchagua, na mimi sina ugomvi nao.

## Hatua ya 8: Saa 48 za kwanza

Nenda asubuhi, na mtu wa pili wa kumshika garini. Usimpitishe sokoni wala bustanini, chanjo zake hazijakamilika. Chakula kibaki kilekile kwa wiki ya kwanza. Tumbo lake lina mabadiliko ya kutosha.

Ndani ya siku mbili mpeleke kwa daktari wako. Asome chipu, asikilize moyo, atazame kinywa na macho, na apange chanjo ya pili. Siku hiyohiyo badilisha jina la mmiliki kwenye rejista ya chipu. Usiiache kiporo: mtoto akipotea, atakayepigiwa simu ni mzalishaji.

Kulia usiku wa kwanza ni kawaida. Kutokula mlo mmoja ni kawaida. Kutapika na kuharisha kwa pamoja, au kulegea mpaka hataki kusimama, si kawaida. Piga simu kliniki saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Mimi nilisubiri kuche.

## Kwa wanaotaka kumpeleka nyumbani

Naulizwa sana: "Naweza kumnunua huku nimpeleke Nairobi Disemba?" Anza na kibali cha kuingiza mnyama kutoka Idara ya Mifugo ya Kenya, chanjo ya kichaa cha mbwa na cheti cha afya. Chanjo hiyo haitolewi kabla ya wiki 12, hivyo mtoto wa wiki nane hapandi ndege. Na mwambie daktari wa huko kuhusu kupe kabla mbwa hajatua. Spanieli mwenye manyoya mengi na masikio mazito ni hoteli ya kupe, naye hajawahi kukutana na homa zao.

## Ukiwa umeshalipa

Kama hujamchukua mtoto na mashaka yapo, usitume shilingi nyingine, hata "ya usafiri", hata "ya bima". Ipigie benki yako leo, si kesho. Hifadhi mazungumzo yote na tangazo lenyewe kwa picha, kwa sababu litafutwa.

Kama umeshamchukua na anaumwa, kliniki kwanza, ugomvi baadaye. Mwombe daktari aandike alichokikuta na ugonjwa unaonekana ulianza lini. Ikiwa aliyekuuzia anafanya biashara, sheria ya walaji ya 2015 inamhesabu mbwa kama bidhaa, na una siku 30 za mwanzo za kumkataa na kudai fedha yote. Barua hiyo iandike hata kama moyo wako umeshaamua mbwa atabaki. Unaweza kudai gharama za matibabu badala yake, na halmashauri itapata jina la mtu wa kumtembelea.